Mkataba wa bima ya gari: mambo yanayoamua kama utalipwa, na utalipwa kiasi gani

Wenye magari wengi nchini Tanzania hujua mambo mawili kuhusu bima yao: kiasi walicholipa na tarehe itakapoisha. Stika ikishatoka, na askari wa usalama barabarani akishaiona kwenye mfumo na kumruhusu dereva aendelee na safari, suala la bima huwa limekwisha hadi mwaka ujao. Mkataba wenyewe hubaki kwa wakala, au hutumwa kwa barua pepe ambayo haifunguliwi, na mara nyingi umeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata msomi hulazimika kukirudia. Matokeo yake ni kwamba mtu huanza kuusoma mkataba wake siku gari limekwisha kugongwa, wakati ambapo hakuna neno hata moja ndani yake linaloweza kubadilishwa.

Stika ni uthibitisho tu kwamba mkataba upo. Haisemi kampuni imeahidi nini. Ahadi yenyewe imo katika nyaraka zinazoambatana nayo, na ukizisoma kwa utulivu utaona kwamba sehemu kubwa ya migogoro kati ya wateja na kampuni hutokana na taarifa tatu zilizoandikwa kwenye jedwali, ambalo kwa kawaida ni ukurasa wa kwanza: thamani ya gari, matumizi yake, na nani anaruhusiwa kuliendesha. Taarifa hizo tatu kampuni haikuzibuni. Zilitoka kwa mteja mwenyewe, au kwa wakala aliyejaza fomu kwa niaba yake huku mteja akiwa na haraka ya kuondoka.

Bima ndogo inamlinda nani

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169 ya Sheria za Tanzania, inakataza gari kutumika barabarani bila bima inayowalinda watu wa tatu. Katika hesabu hii mtu wa kwanza ni mwenye bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni yeyote mwingine anayeweza kuumizwa na gari hilo: mtembea kwa miguu, abiria wa daladala iliyogongwa, kijana wa bodaboda. Kinachodaiwa na sheria ni kinga dhidi ya vifo na majeraha. Uharibifu wa mali ya mtu wa tatu, kwa mfano ukuta uliobomolewa au gari la mwenzako lililobonyezwa, huingizwa katika mkataba na kampuni, na huwekewa ukomo wa kiasi ambao ni vyema kuujua kabla hujagonga gari la thamani kubwa.

Hii ndiyo bima ambayo mitaani huitwa bima ndogo. Kwa gari dogo la matumizi binafsi, bei iliyozoeleka ni shilingi 100,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, jumla 118,000. Gari la mwenye bima yenyewe halimo kabisa. Likiungua, likiibwa au likipinduka Kitonga, gharama ni za mwenye gari, na kumlaumu wakala wakati huo hakusaidii kitu.

Hata hivyo bima ndogo ina sifa moja ambayo wanaoidharau hawaifahamu. Mtu wa tatu akishapata hukumu ya mahakama dhidi ya mwenye gari kwa dhima ambayo sheria inalazimisha iwe na bima, na kampuni ikawa imearifiwa kuhusu kesi kwa wakati, kwa kawaida kampuni hulazimika kuilipa hukumu hiyo hata kama ilikuwa na sababu ya kuukana mkataba dhidi ya mteja wake. Maana yake ni kwamba uongo wa mwenye gari kwenye fomu haupaswi kumnyima fidia mtu aliyevunjwa mguu ambaye hakuwahi hata kuiona fomu hiyo. Lakini kampuni ikishalipa inaweza kumgeukia mteja wake na kudai irudishiwe fedha. Kwa hiyo anayedhani kwamba masharti ya mkataba hayamhusu kwa kuwa ana bima ndogo tu anajidanganya, kwani deni linaweza kumrudia likiwa zima. Nchini Kenya, ambako mfumo wa Sura ya 405, yaani sheria yao ya bima ya magari kwa watu wa tatu, unafanana na huu kwa asili, sheria imeweka ukomo wa shilingi milioni 3 za Kenya kwa kila mtu aliyeumia au kufariki, na kinachozidi hapo ni juu ya mwenye gari.

Kati ya bima ndogo na bima kubwa ipo ngazi ya katikati ambayo mawakala hawaitangazi sana: bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Inamfaa mwenye gari la zamani analoweza kulitengeneza mwenyewe likikwaruzwa, lakini ambaye hana uwezo wa kununua jingine likichukuliwa usiku.

Bima kubwa huongeza juu ya hayo uharibifu wa gari lako mwenyewe kwa kugongana, kupinduka, moto na wizi. Jina lake limewapotosha wengi. Ukubwa wake unapimwa kwa kulinganisha na ile ndogo, na haina maana kwamba kila linalolipata gari litalipwa.

Thamani: sehemu ambayo watu hujiibia wenyewe

Ada ya bima kubwa hukokotolewa kama asilimia ya thamani iliyotajwa na mteja. Hapo ndipo kishawishi kinapoanza, kwa sababu kila milioni inayopunguzwa kwenye thamani inapunguza ada, na wakala anayetaka kumridhisha mteja hana sababu kubwa ya kumkataza.

Tuchukue Toyota IST inayoweza kuuzwa sokoni leo kwa shilingi 18,000,000. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, ambacho kimezoeleka kwa magari madogo ya binafsi, ada ni 630,000. Ukiongeza kodi ya 113,400, mteja analipa 743,400. Mwenye gari anaona fedha ni nyingi. Anaomba liandikwe 12,000,000, naye analipa 495,600. Ameokoa 247,800, anaondoka na stika ileile ambayo angepewa kwa bei ya juu.

Miezi minne baadaye gari linagongwa kwa nyuma na kusukumwa kwenye mtaro, na gereji inakadiria matengenezo ya shilingi 4,500,000. Mwenye gari anatulia: dai ni dogo kuliko 12,000,000 alizoandikisha, kwa hiyo anaamini atalipwa lote. Mtathmini wa kampuni anafika, anakadiria thamani halisi ya gari kabla ya ajali kuwa 18,000,000, na kampuni inatumia kifungu cha uwiano kilichomo katika mkataba. Kwa kuwa gari lilikatiwa bima kwa theluthi mbili ya thamani yake, kampuni inachukuliwa kuwa imebeba theluthi mbili ya hatari, na theluthi moja aliibeba mwenye gari mwenyewe bila kujua. Dai la 4,500,000 linakuwa 3,000,000. Likiondolewa kato la asilimia 10, yaani sehemu ya dai ambayo mteja hujibebea mwenyewe na ambayo tutaieleza hapa chini, zinabaki 2,700,000. Laiti angeandikisha thamani kamili, angepata 4,050,000. Tofauti ni 1,350,000, kwa ajili ya kuokoa 247,800.

Kosa la upande wa pili lipo pia, ingawa halizungumzwi sana. Gari lililonunuliwa kwa 25,000,000 miaka mitatu iliyopita linaendelea kukatiwa bima kwa kiasi hichohicho kila mwaka, kwa sababu wakala hunakili tu taarifa za mwaka uliopita. Likiibwa leo, kampuni hailipi 25,000,000. Bima ya gari ni bima ya fidia: inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, haikuongezei kitu. Italipa thamani ya soko siku ya tukio au thamani iliyoandikishwa, ile iliyo ndogo. Ada uliyolipa kwa milioni za ziada imekwenda bure. Njia ya kuepuka yote mawili ni kulipeleka gari kwa mthamini anayekubalika na kampuni kabla ya kuhuisha bima, na kuambatanisha ripoti yake. Ripoti hiyo ina faida nyingine: kampuni ikija baadaye kudai kwamba gari lilikuwa na thamani tofauti siku uliyokata bima, mjadala unaanzia kwenye karatasi na si kwenye maneno.

Vifaa ulivyoongeza mwenyewe, kama redio ya kisasa, rimu za bei au mtungi wa gesi, navyo havimo katika thamani hiyo mpaka vitajwe.

Matumizi na dereva

Kwenye jedwali kuna mstari unaosema gari linatumika kwa nini. Kwa gari la binafsi kwa kawaida huandikwa shughuli za kijamii, za nyumbani na za starehe, pamoja na safari za mwenye gari za kikazi. Kubeba abiria kwa malipo hakumo. Hapa ndipo walipo vijana wengi wanaoendesha teksi za mtandaoni jijini Dar es Salaam kwa magari yaliyokatiwa bima ya binafsi, kwa sababu ada ya gari la biashara ni ya juu zaidi. Wanapopata ajali wakiwa na abiria, ushahidi wa matumizi ya biashara umo kwenye simu zao wenyewe, na abiria aliyeumia atakapoandika maelezo polisi atasema bila kusita kwamba alikuwa ameita usafiri kwa programu. Kampuni haihitaji mpelelezi.

Suala hili haliishii kwenye teksi. Pick-up iliyoandikwa kuwa hubeba bidhaa za mwenyewe, ikapakia saruji ya jirani kwa malipo ya kutoka Tegeta hadi Bagamoyo, imetoka kwenye matumizi yaliyotajwa. Gari la nyumbani linalokodishwa Jumamosi kwa ajili ya msafara wa harusi limetoka vilevile. Nionavyo mimi hiki ndicho kifungu kinachostahili kujadiliwa na wakala kwa uwazi kuliko vyote, kwa sababu maisha ya mjini hayagawanyiki vizuri kati ya binafsi na biashara, na ada ya ziada ya kutaja ukweli ni nafuu kuliko kupoteza gari zima.

Kuhusu dereva, mikataba mingi inamruhusu mwenye bima na mtu yeyote anayeendesha kwa idhini yake, mradi awe na leseni hai ya daraja linaloendana na gari husika. Maneno ya kuangalia hapo ni mawili: hai, na daraja. Leseni iliyoisha wiki moja kabla ya ajali inatosha kuzua mgogoro mrefu. Baadhi ya kampuni huweka kato kubwa zaidi kwa madereva wenye umri mdogo au waliopata leseni hivi karibuni, na baadhi hutoa punguzo kwa mteja anayekubali kuwataja madereva kwa majina; punguzo hilo huonekana tamu mpaka siku shemeji anapoazimwa gari. Dereva aliyekuwa amelewa hupoteza kinga ya gari lake bila mjadala mrefu.

Yote haya yanasimama juu ya kanuni moja ya zamani katika bima: mteja anapaswa kusema ukweli wote unaohusu hatari ambayo kampuni inaombwa kuibeba, hata pale ambapo hakuulizwa moja kwa moja. Kwa hiyo kama fomu imejazwa na wakala, isome kabla ya kusaini. Saini ni yako, na kampuni itachukulia kwamba na majibu ni yako.

Yaliyotengwa

Kila mkataba una sehemu ya vighairi, yaani mambo ambayo kampuni imeyatoa nje ya ahadi yake. Mengi yanaeleweka kwa urahisi. Uchakavu wa kawaida, kutu, injini iliyokufa kwa kukosa oili, tairi iliyopasuka peke yake bila ajali: haya ni gharama za kumiliki gari, na bima haikukusudiwa kuyabeba. Vita na ghasia hutengwa pia, ingawa kuna kampuni zinazoirudisha kinga ya ghasia kwa ada ya nyongeza. Vipo viwili visivyo rahisi hivyo.

Cha kwanza ni mafuriko. Katika baadhi ya mikataba yamo moja kwa moja, katika mingine ni nyongeza ya kulipia, na kwa mkazi wa Dar es Salaam tofauti hiyo si ndogo. Lakini hata pale yalipotajwa, kuna mpaka. Gari lililoegeshwa nyumbani likafunikwa na maji usiku ni tukio la mafuriko bila ubishi. Dereva aliyefika bonde la Jangwani, hapohapo jijini, akakuta maji yamefunika barabara, akaona Land Cruiser imepita, naye akaitumbukiza Vitz yake, yuko mahali pengine kabisa. Maji huingia kwenye injini kupitia njia ya hewa, pistoni haziwezi kuyabana kama zinavyobana hewa, na vyuma vinavyozisukuma hupinda au kukatika. Kampuni itasema dereva alijiingiza katika hatari iliyokuwa wazi mbele yake. Na kama gari lilizimika majini, kisha likawashwa tena na tena kwa matumaini, itaongeza kwamba hasara ilikuzwa kwa makusudi au kwa uzembe. Gari likizimika majini, lisukumwe nje na lisiwashwe mpaka fundi alione.

Cha pili ni wizi wa kuaminiwa. Mkataba unaosema unalinda dhidi ya wizi kwa kawaida humaanisha kuchukuliwa kwa gari bila ridhaa yako. Ukimkabidhi mtu funguo kwa hiari, awe mpangaji wa gari, dereva uliyemwajiri au mnunuzi aliyeomba kulijaribu, na asirudi nalo, polisi wanaweza kufungua jalada la wizi wa kuaminiwa na bado kampuni ikasema jambo hilo limetengwa. Wanaokodisha magari kwa siku wanapaswa kuuliza juu ya kifungu hiki kabla ya kuuliza bei.

Na hata katika wizi wa kawaida kuna jambo dogo linalowasumbua wengi: kampuni huomba funguo zote mbili za gari pamoja na kadi halisi. Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani hufika na ufunguo mmoja. Kama lako lilifika hivyo, liweke jambo hilo katika maandishi siku unapokata bima, ili mwaka ukifika wa kuulizwa ufunguo wa pili uko wapi usionekane kana kwamba umempa mtu.

Vioo vya pembeni na taa, ambavyo kwenye foleni na maegesho ya mjini huchomolewa kwa sekunde chache, vina utaratibu wake. Kampuni nyingi huweka ukomo wa kiasi au wa idadi ya mara kwa mwaka, nyingine hudai kwamba vifaa vichongwe namba ya gari kwanza.

Kato, punguzo na gari lililofutwa

Katika kila dai la gari lako mwenyewe kuna kiasi unachojibebea kwanza. Hilo ndilo kato, ambalo maofisa wa bima huliita eksesi. Huandikwa kama asilimia ya dai pamoja na kiwango cha chini, kwa mfano asilimia 10 na isipungue kiasi fulani cha fedha. Kile kiwango cha chini ndicho cha kukisoma. Bampa iliyopasuka inayotengenezwa kwa shilingi 300,000, ikiwa kiwango cha chini ni 250,000, itakuletea 50,000 baada ya wiki kadhaa za kufuatilia, na wakati huohuo utakuwa umepoteza punguzo la kutodai, yaani nafuu inayotolewa kwa mteja aliyemaliza mwaka bila kuleta dai na ambayo hukua kadiri miaka inavyoongezeka. Kuna ajali ambazo ni busara kuzitengeneza kwa fundi wako na kunyamaza, lakini kunyamaza kuhusu malipo tu. Taarifa ya tukio lililomgusa mtu mwingine lazima itolewe kwa sababu zitakazoelezwa.

Pale spea mpya inapowekwa badala ya iliyokuwa imechakaa, kampuni inaweza kumtaka mteja achangie tofauti, kwa hoja kwamba gari limetoka gereji likiwa bora kuliko lilivyokuwa. Hoja hii ni halali kwa betri na tairi. Kwa mlango au boneti huwa dhaifu zaidi, na mteja ana haki ya kuibishia.

Gharama za matengenezo zikifikia sehemu kubwa ya thamani ya gari, kampuni huamua kulifuta: inalipa thamani yake na kuchukua mabaki. Mteja akipenda kubaki na mabaki, thamani yake hukatwa kwenye malipo. Na kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki imeandikwa ndani ya mkataba kama mwenye maslahi, hivyo hulipwa kwanza na mteja hupewa kinachobaki, kama kinabaki.

Siku ya ajali

Desturi yetu barabarani ni kuyamaliza. Magari yakigongana, madereva hushuka, hulaumiana kidogo, watu wazima waliokuwa karibu husuluhisha, mmoja hukubali kosa na kuahidi kutengeneza. Ni desturi nzuri kwa utulivu wa mji. Lakini karibu kila mkataba wa bima una sharti linalomkataza mteja kukiri kosa, kuahidi malipo au kufikia makubaliano yoyote bila idhini ya kampuni. Sababu yake ni kwamba kampuni ndiyo itakayolipa na ndiyo yenye haki ya kujitetea, na pale ambapo kosa ni la mwingine, ikishakulipa wewe inashika nafasi yako na kumdai aliyesababisha. Ukiwa umekwisha kumsamehe kwa maandishi, umeifungia kampuni mlango huo, nayo inaweza kukukatalia dai lako.

Hii haina maana kwamba usimpeleke majeruhi hospitali. Msaada wa kibinadamu si kukiri kosa, na hakuna mkataba unaoukataza. Majeruhi atahitaji fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, na nakala yake itakuwa sehemu ya dai baadaye. Unachopaswa kuepuka ni karatasi inayosema nitalipa gharama zote.

Mpigie simu trafiki, piga picha za magari yakiwa pale yalipogongania, chukua namba za usajili na za simu za mashahidi, kisha iarifu kampuni ndani ya muda uliotajwa katika mkataba, ambao aghalabu ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Usipeleke gari gereji kuanza matengenezo kabla mtathmini hajaliona. Mchoro wa ajali, ripoti ya polisi na ripoti ya ukaguzi wa gari ndizo nyaraka zitakazoulizwa, pamoja na leseni na kadi ya gari.

Kama wewe ndiye mtu wa tatu, yaani umegongwa na gari la mwingine, unadai kwa kampuni ya aliyekugonga. Mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, maarufu kama TIRA, unamwezesha mtu yeyote kuhakiki kwa mtandao kama gari lenye namba fulani lina bima hai na ni ya kampuni gani. Fanya hivyo palepale, kabla mwenzako hajaondoka. Kampuni yake itataka uthibitisho kwamba dereva wao ndiye mkosaji, na hapo ndipo uamuzi wa kesi ya trafiki unapokuwa na uzito, hivyo usiwaachie wengine kazi ya kuufuatilia.

Mkataba unapobadilika mikono

Gari likiuzwa, bima haihami nalo kwa nguvu zake yenyewe. Mkataba ni baina ya kampuni na mtu aliyetajwa, na mtu huyo lazima awe na kitu cha kupoteza gari likiharibika. Mnunuzi anayetembea kwa miezi na stika yenye jina la muuzaji, huku kadi nayo haijabadilishwa jina katika Mamlaka ya Mapato (TRA), yuko katika hali mbaya ya aina mbili: muuzaji hana tena hasara ya kudai, na yeye mnunuzi hana mkataba. Uhamisho wa bima huombwa kwa maandishi na kukubaliwa na kampuni, na hufanywa wiki ileile ya mauziano.

Mteja anaweza pia kuuvunja mkataba kabla ya mwaka kwisha na kudai sehemu ya ada, ikiwa hajaleta dai. Asitarajie nusu kwa nusu mwaka. Kampuni nyingi hutumia jedwali la muda mfupi, ambalo linahesabu miezi ya mwanzo kwa bei ya juu kuliko miezi ya mwisho. Kwa anayevuka mpaka, bima aliyokata nchini humwacha mpakani, Namanga au Tunduma. Kadi ya Njano ya COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo tena, hubeba madai ya watu wa tatu katika nchi shiriki, na gari lake mwenyewe linahitaji kuongezewa eneo la kijiografia katika bima kubwa.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu kilichotumika, na ulinganishe na mkataba wako mstari kwa mstari. Ukikuta kifungu hakimo, au kinasema jambo tofauti na unaloambiwa, andikia kampuni kwanza, kisha TIRA, au peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya mivutano ya namna hii. Utakachoombwa kwanza huko ni nakala ya mkataba.